Njia Yangu ya Watalii Msituni Kwembago

Jumatatu, 8 Julai 1996

Siku ya ishirini na mbili bila Chausiku. Ugali umeungua tena. Nimeula hivyo hivyo, nikajisifu kwa sauti ili majirani wa Masuguru wasikie kwamba humu ndani kuna mtu anakula vizuri.

Chausiku hakuondoka kwa hasira. Afadhali angetupa sahani mbili tatu, ningejua pa kushika. Alikunja kanga zake taratibu, akasema hana ugomvi na umaskini, ugomvi wake ni na mambo nusunusu. Akataja bata niliowanunua nikachoka kuwachunga. Akataja sabuni yangu ambayo mpaka leo ni uji. Akasema siku nitakayoanza jambo moja nikalimaliza, jambo lolote, nitume salamu tu, atarudi kwa miguu yake mwenyewe. Akapanda gari kwenda kwao Kwashemshi.

Mimi, Muhsin Mhando, nusunusu! Mtu niliyetunza stoo ya shamba la mkonge miaka kumi na moja! Kazi ile sikuiacha, iliniacha yenyewe. Shamba limeuzwa kwa mmiliki mpya, sisi tukapunguzwa. Siku ya kuagwa stoo ilikuwa tupu, kwa hiyo wenzangu walipewa magunia, mimi nikapewa makopo mawili makubwa ya rangi nyekundu na mkono wa kheri. Makopo yako chini ya kitanda.

Lakini leo! Leo stendi ya Korogwe nimesikia jambo. Kondakta wa basi la Lushoto anasema wazungu wanafurika kule juu kuja kutembea msituni. Nikamuuliza wanatafuta nini. Anasema hawatafuti kitu. Hawaokoti kuni, hawafuati ng'ombe aliyepotea, hawaendi msibani. Wanaingia, wanatembea, wanatoka. Na wanalipa!

Nimeacha soda yangu nusu. Sijatulia tangu saa nane.

Maana msitu ninao. Si wangu, ni wa halmashauri, lakini ninaujua. Kwembago, juu kabisa ya Kwashemshi. Na nyumba ya mwisho kabla ya kuingia Kwembago ni ya nani? Ya Mzee Mdoe, baba yake Chausiku!

Jumanne, 9 Julai

Nimekwenda kwa Bwana Misitu, Filemoni, mapema kabla hajafunga ofisi. Nimemkuta anapanga shati kwenye begi, anakwenda semina Tanga, wiki mbili. Siku hizi kila mwenye ofisi yuko semina.

Nimemweleza mpango: Njia ya Matembezi ya Kwembago, mkurugenzi Muhsin Mhando. Alicheka kwanza. Nikamkumbusha kwamba huu ni wakati wa soko huria, serikali yenyewe inatuambia tujiajiri, sasa mtu akijiajiri anachekwa? Akaona aibu. Akaandika karatasi: naruhusiwa kupitisha wageni kwa miguu, nisikate hata fito. Kisha akaanza maelezo marefu. Kuna miti kumi ameitia alama upande wa chini, kwenye chemchemi, kwa ajili ya madawati ya shule, wapasuaji wataingia wiki ijayo, mimi nikae upande wa juu, na kadhalika na kadhalika. Huku anasukuma pembeni kopo lenye brashi ili apate nafasi ya kuweka karatasi. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mhuri. Nilikuwa nasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mwishowe akagonga. Pwaa! Mhuri wa zambarau, mzuri, umekaa sawasawa.

Nimeubusu njiani. Watu wameniona. Wacha waone.

Alhamisi, 11 Julai

Kwashemshi. Nimempa Mzee Mdoe shikamoo yangu, kaitikia marahaba huku anamtazama mbuzi. Alikuwa anachonga mzinga kwa tezo. Mizinga ndiyo maisha yake. Anayo kumi na mmoja juu ya miti ya Kwembago, mingine ilitundikwa na marehemu baba yake, na asali yake inaulizwa mpaka Mombo.

Akaniuliza siku hizi nafanya kazi gani. Nikasema mimi ni mkurugenzi wa matembezi. Akauliza kama ninalipwa kutembea. Nikasema hapana baba, watu watanilipa mimi ili watembee wao. Akaweka tezo chini. Akafikiri kidogo, akauliza kama watu hao ni wagonjwa.

Chausiku alipita na ndoo kichwani. Akanisalimu kama anavyosalimiwa mtu wa kodi. Roho iliniuma. Lakini wakati wa kula aliniletea bada, ule ugali wa muhogo, na samaki mkavu, na chini ya kile kipande cha samaki kulikuwa na kipande kingine kimefichwa. Nilikiona. Nilikula polepole kuliko siku zote za maisha yangu.

Lazima njia hii ifanikiwe. Lazima!

Ijumaa, 12 Julai

Baada ya sala nimeingia msituni na kopo moja la rangi.

Taabu ya msitu ni kwamba njia zimezidi. Njia ya wachota kuni, njia ya mbuzi, njia ya mtu mmoja aliyepita mwaka juzi. Zote zinafanana. Nimepotea mara tatu, na mara tatu nimetokea pale pale alipokuwa mama mmoja wa kijijini, Bi Mwatumu, anafunga mzigo wake wa kuni. Mara ya kwanza tulisalimiana. Mara ya pili aliuliza kama nimedondosha kitu. Mara ya tatu alinionyesha tu kwa kidole upande wa kwenda nyumbani.

Hapo ndipo akili ilipofanya kazi. Alama! Mgeni aone alama, aende kwenye alama, aione nyingine. Nikaanza kupaka. Duara jekundu kubwa la kutosha, usawa wa kifua, mti mmoja baada ya mwingine, kulia na kushoto. Nikachagua miti mikubwa tu, minene, iliyonyooka, maana mzungu hawezi kutoka kwao kuja kuangalia kichaka. Mivule, mikuyu, mitambaa. Jumla arobaini na mitatu! Pa kugeuzia nimechagua mkuyu mmoja wa ajabu, watu watano hawaukumbatii. Huo nimeupaka maduara mawili.

Bi Mwatumu aliniuliza kama Bwana Misitu ana habari. Nikamwonyesha mhuri. Akasema yeye hajui kusoma lakini macho anayo. Akajitwisha kuni zake akaondoka anatikisa kichwa, na mzigo wote unatikisika. Watu wengine maendeleo yanawaumiza tu.

Nimerudi mwekundu mpaka kwenye masikio. Nimeridhika.

Jumapili, 14 Julai

Mkata. Nimefuata Mmasai.

Huwezi kumtembeza mzungu bila Mmasai, hata mtoto anajua. Nimempata Moreto, mwana wa Mzee Keriako, ambao wanachunga ng'ombe wao kwenye nyika za huko Handeni. Kijana mrefu, mtulivu, shuka nyekundu ya lubega, mkuki. Amepatikana! Nikamweleza kazi. Aliuliza msituni kuna ng'ombe wangapi. Nikasema hakuna. Akauliza basi tunamfuata nani. Nikasema hatumfuati mtu, tunatembea tu. Akasema yeye anatembea kila siku tangu apate akili na hajawahi kupewa hata soda, kwa hiyo atakuja, angalau amwone mtu wa namna hiyo kwa macho yake.

Baya moja. Kwenye basi la kurudi alikuwemo Fabiani, jirani yangu wa Masuguru. Naye alipunguzwa shambani, sasa anauza mitumba, na kwa kuwa anauza mitumba anavaa tai. Alimtazama Moreto. Akanitazama mimi. Akatazama rangi kwenye kucha zangu. Nimeona kabisa hesabu zinapita usoni mwake.

Jumatatu, 15 Julai

Mazoezi na Moreto. Msitu haukumpendeza. Anasema huku huoni kitu. Kwao mtu anaonekana asubuhi, anafika mchana, na wewe umepata muda wa kuamua utamsalimu vipi. Huku mtu anatokea puani. Mkuki wake ulinasa kwenye matawi mara nne, mwishowe akauacha nje kwa Mzee Mdoe.

Lakini njia kaishika mara moja tu! Nilimwambia afuate alama, akasema haziangalii, anaangalia ardhi. Kisha akauliza rangi hii huku kwetu maana yake nini. Nikasema maana yake ni mbele. Akauliza kama watu wengine wote wa hapa nao wanajua kwamba maana yake ni mbele. Maswali ya Moreto yanachosha.

Tulipofika kwenye mkuyu akasimama, akatazama juu. Mizinga minne ya Mzee Mdoe. Akaniuliza kama nyuki wale ni wangu. Nikasema ni wa mkwe wangu. Basi alinifokea! Kwa adabu, lakini alinifokea. Anasema kwao alama ndiyo mwenye mali. Ng'ombe ana alama ya ukoo, na ukipiga alama yako kwenye ng'ombe wa mwenzako umetaka vita, hakuna wa kukutetea. Sasa mimi nimepigaje alama kwenye mti wenye nyuki wa mkwe? Nikamweleza kwa utaratibu kabisa kwamba mti si ng'ombe.

Aliusogelea ule mkuyu akajaribu kuifuta rangi kwa jani. Imeshakauka. Rangi nzuri sana ile, ya kupakia matangi.

Jumatano, 17 Julai

WATALII WAMEPATIKANA!

Waholanzi wawili, mume na mke, walimu wa huko kwao, wamefikia gesti karibu na stendi wakingoja basi la kwenda Lushoto. Nilifika nikihema. Na nani amekaa nao anakunywa chai yao? Fabiani! Na tai yake! Anawaahidi mamba wa mto Pangani. Kiingereza chake chote kimetoka kwenye lebo za mashati. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia yule mama kwamba mamba wetu ni "hundred percent cotton".

Bahati nzuri mume anajua Kiswahili kidogo. Nikawaonyesha mhuri. Mhuri umewashinda mamba. Jumamosi saa tatu! Ila Fabiani ameng'ang'ania, anasema bila yeye atawaeleza wageni habari ya sabuni yangu. Imebidi nimfanye meneja wa lugha. Nimeumia, lakini nimekubali.

Nikakimbilia Kwashemshi siku hiyo hiyo. Nimemwomba Chausiku apike chai na mihogo, wageni waikute mwisho wa njia, pale uwanjani kwao. Nilifikiri atanicheka. Akasema sawa, atapika. Na akasema hivi, naandika neno kwa neno: nikitokea mwisho wa njia ile na watu wote nilioingia nao, yeye anafunga sanduku lake jioni ile ile.

Jioni ile ile!

Kutoka juu zinasikika ngurumo za misumeno ya mashine. Ni wale wapasuaji wa madawati. Mzee Mdoe anasema wamekuja watu wengi, wana bidii ajabu, tangu jana hawajapumzika. Nikasema ndiyo soko huria hilo baba, watu wanafanya kazi.

Jumamosi, 20 Julai

Naandika kwa jicho moja.

Tuliingia saa tatu na robo. Mbele Moreto, kisha Mholanzi, kisha mkewe na kamera, kisha Fabiani, nyuma mimi mkurugenzi. Nilikuwa nimevaa soksi. Nikatoa hotuba fupi: mabibi na mabwana, fuateni duara jekundu.

Nikatafuta duara la kwanza. Halipo. Nikatafuta mti wenyewe. Haupo. Kuna kisiki, kibichi, kinatoa utomvu, na unga wa mbao umetapakaa mpaka kwenye majani. Nikasema huu umeanguka wenyewe. Tukaenda wa pili. Kisiki. Wa tatu. Kisiki. Kulia kisiki, kushoto kisiki, na jua linatuchoma katikati ya msitu kama tuko uwanja wa mpira. Jasho lilianza kunitoka, na si la jua.

Yule mama wa Kiholanzi akaacha kupiga picha. Akasema jambo kwa mumewe, macho yamejaa machozi. Mume akaniuliza taratibu kama matembezi haya yameandaliwa makusudi ili kuonyesha dunia jinsi misitu inavyoteketea. Nikasema ndiyo. Ndiyo hasa! Wote wawili wakanishika mkono. Nikaona tumeokoka. Nikaanza kutembea kwa huzuni, kwa kuheshimu shughuli.

Moreto alikuwa ananitazama tu, na mimi nilikuwa natazama pembeni.

Kisha tukasikia msumeno mbele. Upande wa mkuyu! Nilikimbia kama sijawahi kukimbia. Nimefika, wanne wamezunguka shina, mashine imeshaingia zaidi ya nusu. Nikapiga kelele waache! Waache! Mkubwa wao akazima mashine, akanisalimu vizuri, akauliza kama mimi ndiye niliyetia alama. Nikasema ndiyo mimi. Akanishukuru! Anasema miaka yote ya kupasua mbao hajaona mtu mwenye huruma na wapasuaji kama mimi. Bwana Misitu alimwambia akate miti yenye rangi nyekundu, akategemea kumi iliyotawanyika makorongoni huko, kumbe amewekewa arobaini kwenye mstari mmoja, kando ya njia, yote minene. Wameshaangusha thelathini na mmoja. Huu ulimpa mashaka kwa sababu ya mizinga, lakini ameukuta una alama mbili, akajua huu umesisitizwa.

Nilifungua mdomo. Mti ukajibu kabla yangu. Kaaa! Ukaanza kulala, polepole, na mizinga yote minne ya Mzee Mdoe ikaja nao chini.

Kuhusu nyuki sitaandika mengi. Moreto alivua shuka yake ya juu akamfunika yule mama kichwa kizima, akamshika mkono akaondoka naye. Mholanzi ana miguu mirefu, Mungu kampa. Fabiani alijitupa kijitoni na tai yake. Wapasuaji sijui walikwenda wapi, pengine mpaka sasa wanakimbia. Na mimi nilikimbia kufuata alama. Mazoea! Alama hazipo! Nimepotea kwenye njia niliyoichora kwa mkono wangu mwenyewe, na nyuki wakipotea pamoja nami.

Nilitokea uwanjani kwa Mzee Mdoe wa nne. Chausiku amesimama na birika. Akahesabu kwa macho. Waholanzi wawili. Moreto. Mimi. Fabiani hayupo. Alikuwa bado yumo majini anaogopa kutoa pua.

Chausiku akaweka birika chini. Akaingia ndani akatoka na kitunguu kilichokatwa, akanipaka usoni.

Jumatatu, 22 Julai

Nilitegemea Mzee Mdoe angenipiga. Ningefurahi. Badala yake jana nilimkuta amekaa karibu na ule mkuyu ulioanguka, anaokota vipande vya mizinga na kuvipanga pamoja kwenye gunia. Hakunifukuza. Akanionyesha kipande kimoja, akasema mzinga huu ulitundikwa na baba yake mwaka aliozaliwa Chausiku. Akakitia kwenye gunia.

Nililia. Sisingizii nyuki.

Leo Bwana Misitu amerudishwa kutoka semina. Alikuwa anafungua mdomo anafunga. Ofisi ya kijiji ilijaa. Bi Mwatumu akasimama akaeleza jinsi alivyoniuliza, na jinsi nilivyomwonyesha mhuri. Watu wakaguna. Bwana Misitu akasema polisi. Mwenyekiti akasema polisi. Hata Fabiani, uso umemvimba, akasema polisi.

Aliyesimama kunitetea ni Mzee Mdoe. Anasema polisi hawaoti majani. Anasema huyu ni mkwe wangu, akienda rumande visiki vitabaki visiki, afadhali apande. Basi imekuwa hivyo. Miche mia tatu kutoka kwenye kitalu cha halmashauri, mashimo nichimbe mwenyewe, maji nibebe mwenyewe kutoka chemchemi, na kila mche niuzungushie miiba mbuzi wasile. Mpaka iishe yote. Nikiacha njiani, Bwana Misitu anayo barua imeshaandikwa, bado kugonga mhuri.

Nimeapa mbele ya watu. Na nilikuwa naapa kweli.

Alhamisi, 25 Julai

Miche hamsini na minane. Viganja vimechubuka. Nalala kwa Mzee Mdoe chumba cha nje, na usingizi unanishika kabla ya kuvua viatu.

Moreto alipita kuaga. Anarudi Mkata. Waholanzi walimpa kofia, kaivaa. Akachimba shimo moja, zuri kuliko yangu yote. Akaniambia nimwahidi kitu kimoja tu, nisifikirie. Nichimbe tu.

Mchana Chausiku aliniletea chakula. Nilitegemea aweke aondoke. Alikaa! Akasema uso wangu ukivimba hivi nafanana na mjomba wake wa Magoma. Tukacheka mpaka nikashika mbavu. Miezi mingi hatujacheka. Kisha akashika jembe akapanda miche miwili, akasema yangu imeinama, hii ndiyo inaitwa kupanda. Mikono yake ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko.

Jumatano, 31 Julai

Mia mbili na ishirini. Sijawahi kufika mbali hivi kwa jambo lolote.

Chausiku amesema leo, mbele ya baba yake, ili asikike. Jumamosi nikimaliza mche wa mia tatu, anarudi Masuguru. Atanisubiri stendi ya Kwashemshi saa sita, na sanduku lake, tushuke pamoja. Mzee Mdoe akakohoa. Akasema kitanda cha Masuguru nikikaze misumari, alikiona siku moja alipotutembelea, kinacheza. Huo ndio msamaha wake, mimi namjua.

Nimefurahi hata nimesahau mgongo. Saa sita! Na sanduku!

Ila mchana kutwa nilipokuwa nabeba maji kulikuwa na kitu kinanikera kichwani, kinakwenda kinarudi, na sijui ni kitu gani.

Ijumaa, 2 Agosti

Mia mbili themanini na tisa! Bado kumi na mmoja. Kesho asubuhi ni kazi ya saa mbili tu, halafu naoga, halafu nakwenda stendi.

Kile kitu kichwani nimekijua. Kimenijia nikiwa nimeinama kwenye shimo, nikainuka ghafla nikajigonga na mpini.

Jumamosi, 3 Agosti

Naandika juu ya lori la kabichi, mwandiko haujatulia, dereva anapenda mashimo.

Hebu fikiria. Mzungu analipa ili atembee. Kutembea tu! Sasa atalipa nini akiambiwa ACHIMBE? Apande mti wake mwenyewe, kwa jembe lake, abebe maji mwenyewe, na pale juu kibao kidogo chenye jina lake! Na wale Waholanzi wako Lushoto, wanaipenda misitu mpaka wanalia, na hawakosi wenzao.

Lakini ndiyo hapo. Nilipoamka kushika jembe niliona wazi: nikipanda hii kumi na mmoja, imekwisha! Mia tatu kamili, hakuna hata mche wa kuanzia. Mtu hafungui duka kwa kumaliza bidhaa. Nimeiweka kivulini, nimeimwagia maji, nimeifunika na majani. Nikaenda barabarani, lori hili likapita, linashuka Korogwe. Kutoka Korogwe basi la Lushoto. Sikumwambia Bwana Misitu. Sikumwambia Fabiani, huyo hata kwa dawa.

Chausiku nilipanga kumwachia ujumbe, muda ukanibana.

Tumepita stendi ya Kwashemshi sasa hivi. Saa nne kasoro, na yeye ameshafika! Amekaa juu ya sanduku, kajifunga ile kanga mpya ya njano, na Mzee Mdoe yuko pembeni yake ameshika kuku kwa miguu, nadhani zawadi yetu. Nikamgongea dereva asimame, hakusikia. Nikasimama juu ya kabichi nikapunga mikono yote miwili, nikapiga kelele kwamba bado kumi na mmoja, nimeibakiza kwa makusudi, narudi Jumatatu na watu wa kuimalizia!

Alisimama. Akaniangalia mpaka lori likakata kona. Kwa mbali nilimwona anajitwisha sanduku na kugeuka upande wa kwao. Nimefurahi kwamba amenielewa, maana mpaka Jumatatu angechoka sana kukaa pale stendi.